Picha ya Nyumba Kwenye Linki ya Milango

Kaka yangu ni seremala, na ana mkono wa birika. Asubuhi ile alituma linki kwenye grupu la familia na maneno mawili tu: "Milango mipya." Nikaacha sare niliyokuwa naipinda, nikatazama. Juu ya linki, pale panapojitokeza kipicha, hapakuwa na mlango wowote. Palikuwa na nyumba ya mama, na kibaraza chetu na dirisha letu la bluu, na chini yake maandishi: "Nyumba inauzwa. Hakuna dalali."

Machale yakanicheza. Nyumba hiyo ndiyo ninayokaa na mama, na sebule yake ndiyo ninayoshonea. Ikiuzwa, mimi na cherehani zangu mbili tunakwenda wapi?

Nikabonyeza linki. Ikafunguka milango: ya mbao ngumu, ya vioo, ya kufuli tatu. Nyumba haipo. Nikarudi kwenye grupu, nyumba ipo. Nikarudia mara saba, yale yale. Ebo! Nikampigia.

"Kaka, unauza nyumba ya mama?"

"Nani kasema?"

"Simu yako imesema."

Akacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta la kusema. "Ni mtandao tu huo, mdogo wangu. Unachanganya picha."

"Mtandao umeijuaje nyumba yetu?"

Akadai mteja kafika, akakata. Thubutu! Mimi si wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nikavuka barabara hadi kwa fundi simu, tunayemwita Chaji. Alitazama grupu, akatazama ukurasa, akaweka bisibisi chini.

"Dada, simu ya mtumaji ikishachukua picha ya linki, huwa inaitunza. Ukurasa ukibadilishwa, yenyewe bado inatoa ile ya zamani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukurasa huu mwanzo ulikuwa na nyumba. Kaifuta, kaweka milango humo humo."

Hapo nikaelewa. Mtu mwingine angefungua ukurasa mpya. Kaka yangu, anayenyoosha misumari iliyopinda ili aipigilie tena, aliona huo ni uharibifu. Ubahili wake umemuumbua, na sitaficha, nilifurahi. Nilijua tangu zamani kwamba ana lake jambo, ila nilikosa ushahidi.

Mama nilimkuta uani anaanua nguo. Nikamwekea simu mbele ya macho.

"Ona mwanao wa kiume! Anakuuzia nyumba ukiwa hai. Ndiyo maana nakwambia kila siku, usimwamini mtu, usitie sahihi chochote bila mimi kuona."

Hakuitazama simu. Alikunja shuka lake hadi mwisho.

"Mimi ndiye niliyemwambia aiuze," akasema.

"Amekulisha maneno huyo!"

"Unaona? Hata maneno yangu unayatafutia mwenyewe mwingine."

 Mama si mtu wa kuongea sana, lakini siku ile yalikuwa yamemfika shingoni.

"Nikisalimiana na jirani, unataka kujua tumesema nini. Simu yangu unaisoma kabla yangu. Mama yako mdogo hajakanyaga hapa tangu umpekue mkoba. Nilitaka chumba kimoja tu mahali, mwanangu, nikae bila kuhojiwa."

 Nilitafuta uongo usoni mwake kama ninavyoutafuta kwa kila mtu, sikuuona.

"Sasa mbona ameifuta?"

"Alinisihi tuache. Alisema ukitolewa hapa huna pa kushonea, na wateja wako wote ni wa mtaa huu. Alilia kaka yako, kwa ajili yako. Nikamwambia basi, nitavumilia."

Nitavumilia! Mimi, niliyekataa kazi ya kiwandani ili nisimwache peke yake. Nilitaka kumwambia nilikuwa namlinda, kwamba nampenda, kwamba anisamehe. Nikafungua mdomo.

"Na hayo mliongea lini?" nikajisikia nauliza. "Mimi nilikuwa wapi?"

Mama alirudi nyuma hatua moja, nguo amezikumbatia kifuani, macho yake yakitafuta jibu ambalo halitamletea swali lingine. Mama yangu mzazi alikuwa ananiogopa.