Mama Mkwe Akaa Kiti cha Mbele

Gaudiosa wa Mbaha alikuwa mama wa heshima zake, na heshima hizo ndizo alizopanga kuzivunja asubuhi ile, tena kwa makusudi kabisa.

Shida ilikuwa gari la mkwewe. Melkior, mume wa binti yake Otilia, mkulima wa kahawa kule Mapera, alikuwa na kigari cha familia ambacho shokapu zake za mbele zilikwisha kufa siku nyingi. Likipita kwenye shimo linagonga ko-ko-ko. Likikata kona linalala kama mlevi. Otilia alisema mpaka mdomo ukamkauka, na jibu la Melkior lilikuwa lilelile: "Barabara hiyo, mama Hilde. Gari halina tatizo." Sasa Jumapili Hildegardi, mjukuu wa kwanza, angepokea Komunyo ya kwanza, na kesho yake wajukuu wote wanne wangepakiwa humohumo kuteremka milima hadi kwake Mbaha, ziwani, kwa likizo. Gaudiosa akiwaza zile kona na wale watoto, ugali haupiti.

"Niachie mimi," alimwambia Otilia kwenye simu. "Huyo mtu haogopi mashimo, haogopi korongo. Lakini mimi ananiogopa."

Na kweli alimwogopa, kama mkwe yeyote aliyefundwa akafundika. Tangu aoe, Melkior hajawahi kuketi benchi moja na mama mkwe. Akimsalimia husimama mbali, macho chini. Kumgusa? Mungu apishilie mbali!

Basi Melkior alipofika kumchukua kumpeleka kwenye Komunyo, aliitoa "Shikamoo, mama" yake akiwa bado kwenye uzio, kisha akafungua mlango wa nyuma kama kawaida. Gaudiosa akaitikia marahaba, akaanza kupakia. Tenga la samaki wakavu wa mbasa, kiti cha nyuma. Ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, kiti cha nyuma. Mkungu wa ndizi na kuku wawili, hukohuko.

"Mama, buti lipo tupu," Melkior akasema.

"Kuku wakafie kwenye buti, baba? Aa, itabidi mimi nikae mbele." Alisema kwa unyonge ambao hata mwenyewe aliuonea aibu.

Wakaondoka. Melkior aliendesha akiwa amejibana mlangoni kwake, jasho linamtoka na jua bado changa. Kona ya kwanza ya mlimani ilipokuja, Gaudiosa akajikusanya, akapiga kelele "Yesu na Maria!" na kujimwaga begani kwa mkwewe, yeye na kilemba chake.

"Samahani, mama! Samahani sana!" alilia Melkior, wakati yeye ndiye aliyeangukiwa.

Gaudiosa akajiweka sawa, akavuta khanga, tumbo likimcheka kwa ndani. Alikuwa anapanga kuanguka kwa pili, bora zaidi ya kule kwa kwanza, lakini kona iliyofuata haikungoja mipango yake. Ilikuwa ya mteremko, ya kushoto, na shimo katikati. Pua ya gari ikazama, bodi likalala, na Gaudiosa akarushwa kweli. Kichwa chake kiligonga bega la Melkior, na kupitia dirisha la dereva akaliona bonde lote, mpaka mto wa chini. Kuku wakapiga yowe. Kicheko kikamkauka. Pale walipokuwa kuku ndipo watakapokaa watoto.

"Gereji," alisema akijiweka sawa kitini. "Hapo mbele, kijijini Ruanda. Usipopita gereji nashuka natembea, na Otilia utamweleza mwenyewe kwa nini mama yake kaja na kuku kwa miguu."

Pale Ruanda fundi Egidi hakuuliza mengi. Aliegemea kona ya boneti, akaikandamiza chini kwa mikono miwili, akaachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja likatulia. Hili likaendelea kupanda na kushuka lenyewe, kama linacheza ngoma ya lizombe. Akachungulia nyuma ya tairi. Mafuta yalikuwa yamevuja, yakagandana na vumbi.

"Kaka, hizi zimekufa. Yamebaki mabomba tu."

"Basi badilisha ya kushoto peke yake," Melkior akasema, bado mbishi. "Upande aliokaa mama."

"Zinabadilishwa zote mbili. Ukiweka moja, gari litachechemea."

"Na aibu yangu je?" Gaudiosa akadakia. "Nimemlalia mume wa mwanangu barabarani! Kwa Padri nitaungama nini?"

Egidi alicheka mpaka spana ikamponyoka. Melkior hakucheka. Aliinua macho na, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamtazama mama mkwe usoni.

"Mama, ile kona ya kwanza ilikuwa ya kulia."

"Eti?"

"Gari likikata kulia, aliyekaa kushoto huangukia mlangoni kwake. Wewe uliniangukia mimi."

Weee! Egidi akakumbuka ghafla kwamba anatafuta jeki, akaingia ndani. Gaudiosa alihisi masikio yanawaka moto. Angeweza kufoka, angeweza hata kulia, na vyote alivijua vizuri. Lakini lile bonde lilikuwa bado machoni mwake.

"Ya kwanza nilidanganya," akasema. "Ya pili je?"

Melkior akageukia tairi la mbele.

"Ya pili nimeogopa, baba. Nimeliona bonde lote, mpaka mto wa chini. Na mke wako anaogopa kila siku unapoondoka na wale watoto. Anakwambia shokapu, shokapu, kwa sababu hataki kukwambia kwamba hapati usingizi."

Melkior akainama, akayagusa yale mafuta kwa kidole.

"Ile ya pili hata mimi niliogopa," akasema polepole. Kisha akaita kwa sauti: "Fundi! Toa zote mbili!"

Mpya zilipatikana duka la spea la ng'ambo ya barabara. Gari likapigwa jeki, tairi zikatolewa, springi zikabanwa na kuhamishiwa kwenye shokapu mpya, huku Gaudiosa amekalia tairi bovu akisimamia: "Na ile nati, umeikaza?" Kazi ilipokwisha, mwenyewe akaikandamiza boneti. Ikashuka, ikapanda, ikatulia. Akaikandamiza tena, kwa utamu tu.

Heshima sasa ikamrudia. Akafungua mlango wa nyuma, akaanza kusogeza tenga ili apate pa kukaa. Melkior akalipokea mikononi mwake, akalirudisha pale lilipokuwa, akaenda kumfungulia mlango wa mbele.

"Kaa mbele, mama," akasema, macho chini. "Ila sasa ukiniangukia, nitajua ni kusudi."