Mtumishi Aliyetoka Kwenye Kadi

Ulipita pale kila siku, na usiniambie hukuona. Chumba namba saba, ghorofa ya pili, mlango wenye kitasa kibovu ambao hata ukifungwa unabaki wazi. Ulipita na faili kwapani, ukamsalimia Mkuu wa idara kwa cheo chake chote, kisha ukageukia dirishani kama vile nje kuna jambo. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya masanduku ya viatu hukumsalimia. Miaka kumi na mmoja hukumsalimia. Macho unayo, na miwani ukaongeza juu yake.

Huyo wanamwita Bi Kadi. Kazi yake ilikuwa hivi: Mkuu anachagua hadithi fupi, anamwekea mezani. Bi Kadi anainakili, kila sentensi na kadi yake, kisha anazigawa kadi kwenye masanduku manne. La kwanza ni la wanaowafanyia wenzao jambo, anayepiga, anayempa mtu kitu, anayefukuza. La pili ni la wanaowaza na kuhisi. La tatu ni la wanaosema, na katikati yake kuna kipande cha kadibodi: wanaoamuru upande huu, wanaouliza na kujibu upande ule. La nne ni la waliopo tu. Elimu hiyo inaitwa isimu amilifu, yaani kuichunguza lugha kwa kazi inayofanya. Bi Kadi hakuisomea darasani, aliiokota humo humo kazini. Ukitaka kujua mume na mke wa hadithini wanaishije, alikuwa akisema, usiulize kama wanapendana. Tazama nani anamwamuru nani, na nani anafika ukurasa wa mwisho bila kumfanyia mwenzake lolote.

Mwaka ule hadithi ilikuwa ya bwana mmoja, mkewe na mgeni wao, wiki nzima ndani ya nyumba kubwa. Kadi mia tatu na kumi na mbili. Alikuwepo pia mtumishi. Alitajwa mara tisa, na zote tisa zikaangukia sanduku la nne: alikuwa mlangoni, alikuwa jikoni, alikuwepo. Mkuu akalisoma jedwali la kadi na kuandika hitimisho kwa mkono wake: mtumishi hana uhusiano na mhusika yeyote, achukuliwe kuwa sehemu ya mandhari, pamoja na kabati.

Uchambuzi huo ulikuwa wa kitabu cha Mkuu, na kuhusu kitabu hicho alikuwa ametoa ahadi. Kikitoka, jina la Bi Kadi litakuwa kwenye jalada, chini ya lake, na mtu mwenye jina kwenye jalada hawawezi kumnyima ajira ya kudumu. Bi Kadi alikuwa wa mkataba wa miezi mitatu mitatu tangu siku ya kwanza. Mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi naye, alishaacha kumwuliza habari za kazi. Akirudi jioni anamtazama viatu tu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mtumishi alitoka kwenye sanduku la nne. Aliinua kifuniko, akakiweka kando vizuri, akashuka mezani akinyoosha gauni. Alikuwa mtu wa makamo, mikono mipana, beseni kwapani. Kiti kilikuwa kimoja, na Bi Kadi alikuwa amekikalia, kwa hiyo alipindua beseni akakaa juu yake.

"Hodi," akasema, akiwa ameshaingia.

"Karibu, mama. Nimebakiza kadi ishirini, naomba nimalize."

"Maliza. Kusubiri nimezoea."

Bi Kadi alimaliza, akafuta kalamu.

"Nasikia nimewekwa na kabati," mtumishi akasema.

"Si mimi niliyeandika hivyo."

"Najua. Mwandiko wako naufahamu, nimelala humo miezi sita. Hebu toa kadi ya arobaini na nne."

Bi Kadi akaisoma: 'Asubuhi nguo za mgeni zilikuwa safi.'

"Zilijifua?"

Bi Kadi alicheka kwa pua. Hakuwa amecheka ndani ya chumba hicho tangu mvua zilizopita.

"Soma ya hamsini."

"'Kitanda kilikuwa kimetandikwa.'"

"Mwanangu, kitanda kina mikono? Nilikitandika mimi, na homa yangu mwilini. Haya, inayofuata."

Kadi ya hamsini na moja ilisema mlango ulifungwa. Hapo mtumishi hakutania. Alisema ni mgeni aliyeufunga, na kwamba yeye mtumishi alikuwa upande wa ndani. Bi Kadi aliandika. Kalamu iliisha wino katikati, akachukua nyingine, akaendelea.

Walipanga upya siku nne. Karani wa idara aliwaletea chai vikombe viwili, kwa kuwa watu walikuwa wawili, na kwenye daftari la wageni akaandika: Mtumishi, anatoka hadithini, shughuli binafsi. Kufikia Alhamisi sanduku la kwanza halikufunikika tena. Lilikuwa limejaa mtumishi, anayefua, anayebeba, anayelisha, anayeuguza. Bwana mwenye nyumba, ambaye wasomaji wote walimchukua kuwa ndiye nguzo ya hadithi, alibaki na kadi kumi na nane, karibu zote za kuamuru akiwa ameketi. Na mgeni, aliyeonekana mpole mpaka kila mtu akamhurumia, sasa alikuwa na kadi moja iliyobadilisha zote.

Ijumaa Mkuu alisoma jedwali jipya akiwa amesimama. Alimsalimia mtumishi, kwani ni mtu wa adabu.

"Kazi nzuri mno," akasema. "Hii itatikisa watu." Kisha akamgeukia mtumishi. "Mama, ofisi yangu haijafagiwa tangu juzi. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Mtumishi alikwenda akafagia.

Kitabu kilitoka baada ya miezi miwili. Jalada lilikuwa na jina moja. Kwenye dibaji ilisemwa kwamba kadi ziliandikwa, masanduku yalipangwa, na shukrani ziwafikie wote. Bi Kadi alisoma dibaji mara mbili, akapanda ofisini kwa Mkuu.

"Mkuu, silioni jina langu."

"Umo, dada yangu. Umo kwenye 'wote'."

"Uliniambia jalada."

"Jalada lilikuwa dogo," akasema Mkuu, na kwa kweli alionekana kuhuzunika.

Siku ya uzinduzi ulikuwepo, safu ya tatu. Ulipiga makofi, ukala vitafunio, ukaondoka na vingine kwenye karatasi. Wiki iliyofuata Bi Kadi alipewa barua: kazi ya kadi imekamilika, mkataba hautaongezwa.

Aliandika malalamiko, ukurasa mmoja. Mtumishi alikuwa wa kwanza kutia saini. Kisha wakashuka wengine kutoka masanduku ya zamani, hadithi za miaka kumi na mmoja: yaya, wapishi, madereva, mzee mmoja ambaye katika hadithi yake alikuwa ameshika taa tu. Walijipanga kwenye ngazi kwa utaratibu. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba, na karani akaongeza wino. Saini sitini na saba.

Ofisi ya utumishi iliirudisha barua hiyo ya malalamiko. Wahusika wa hadithi si waajiriwa, ilieleza, na ushahidi wao haupokelewi. Anatakiwa mfanyakazi mmoja mwenye kitambulisho, aliyemwona Bi Kadi kwa macho yake akiziandika zile kadi. Mmoja anatosha. Asipopatikana kufikia leo saa kumi alasiri, jalada la shauri linafungwa.

Wale sitini na saba hawakurudi kwenye masanduku. Mkuu aliwapangia zamu. Jengo halijawahi kuwa safi namna hii, wewe mwenyewe umelisifu. Mgeni bado yumo kitabuni, na hakuna aliyemwuliza neno.

Barua iko kwa karani, dirisha la kwanza chini ya ngazi. Sasa hivi ni saa tisa na robo. Kitambulisho kinaning'inia shingoni mwako. Weka chini hiki unachokisoma, shuka, katie saini.