Kona ya Kushoto

Niseme mapema kwamba mimi ndiye niliyependekeza kona ya kushoto, na sikuipendekeza kwa nia njema. Watu wa klabu yetu wakikuambia kona ile ililetwa ili kuongeza utamu wa mashindano, ujue wanarudia maneno yangu. Ililetwa ili kumtoa mjane.

Klabu yetu ni ya boti za rimoti, hizi ndogo zenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Tuko tisa. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi tunakutana Homa Bay, tunasimama kwenye gati na rimoti zetu shingoni, na wachuuzi wa samaki wanatucheka kwamba tumezeeka na bado tunachezea maji. Wacheke. Mimi naitwa Magige, mpima ardhi kutoka Migori, Mkuria pekee katika klabu na katibu wake. Sheria zetu zote nimeziandika mimi, na mtu akitaka kunijua vizuri azisome.

Njia ya zamani ilikuwa na umbo la yai. Mitungi miwili ya njano ilifungwa mawe ikaelea mbali na gati, na boti iliizunguka mara sita, kila kona ikiwa ya kulia. Kwa sababu hiyo kila boti iliwekewa usukani pembeni na pezi chini ya ubavu, ili ishike maji ikigeuka kulia. Ukiigeuza kushoto ikiwa na kasi, inajipindua kama sahani.

Bingwa wetu alikuwa Levis wa Karungu, na boti yake iliitwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Ilikuwa nyembamba, nyekundu, na ilipita juu ya maji bila kurusha tone mahali pasipohitajika. Mimi nilikuwa wa pili nyuma yake kwa miaka minne. Mtu akikaa wa pili miaka minne huacha kuwa mtu mzuri, na mimi hata kabla ya hapo sikuwa mzuri sana.

Levis alikufa mwezi wa pili, pikipiki yake ilipogongana na lori upande wa Ndhiwa. Nilimlilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini kabla jeneza halijashushwa nilikuwa nimeshakumbuka kifungu cha kumi na moja, kinachosema kwamba boti ya mwanachama aliyefariki hubaki kwa klabu, isipokuwa mtu wa nyumba yake aiendeshe mashindanoni mpaka mwisho wa mwaka uleule. Nilikiandika baada ya kuona boti ya marehemu mmoja ikiogeshwa na wajukuu kwenye beseni. Sasa nikaona kwamba Nyar Karungu ingeweza kuja mikononi mwetu, na katika klabu ile mikono yetu maana yake ilikuwa mikono yangu.

Mwezi wa nne Scovia, mjane wa Levis, akaja gatini amebeba boti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alisema amekuja kuchukua nafasi ya mumewe. Oliver, mwenyekiti wetu, mwalimu anayechukia kelele, akasema sheria inamruhusu.

Mimi nikasimama. Kando ya ziwa, mwenye boti ya kuvulia akifa, boti yake huvutwa nchi kavu na haigusi maji mpaka matanga yaishe na wenye ukoo waiachilie. Desturi hiyo si ya kwetu Wakuria, lakini niliuliza kwa heshima kubwa kama ni halali boti ya marehemu kuingia majini mapema hivyo. Wajaluo wale wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kudharau desturi ya baba zake mbele ya Mkuria. Basi kitu cha urefu wa mkono, ambacho hakijawahi kuvua hata omena mmoja, kikawekwa matanga miezi mitatu. Ni Ahmednur tu aliyecheka, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akauliza kama boti nayo itanyolewa nywele. Scovia hakucheka wala hakubisha. Aliirudisha boti Karungu.

Miezi hiyo mitatu niliitumia vizuri. Nilileta mchoro wangu, nikauweka juu ya meza na kusema kwamba njia ya yai ni ya watoto. Nilitaka mtungi wa tatu katikati, karibu na magugu maji, na boti iuzunguke kwa kushoto. Tulibishana mikutano miwili. Wengine walisema boti zitavunjika, wengine walisema kona moja ya kushoto itaonyesha nani anajua kuendesha na nani anajua kufinya kitufe tu. Mwisho tulikubaliana kila mtu apewe muda wa kuhamisha usukani wake uwe katikati. Uamuzi huo ulipaswa kupelekwa kwa kila mwanachama kwa barua, na anayepeleka barua ni katibu. Barua ya Scovia niliipeleka siku mbili kabla ya mashindano.

Nilimngoja gatini nikiwa na furaha mbaya tumboni. Nilitaka kuiona Nyar Karungu ikipinduka kwenye ile kona, mbele ya watu, ili hata yeye mwenyewe aone kwamba hapa si mahali pake.

Haikupinduka. Ilifika kwenye mtungi wa tatu, ikalala kidogo upande wa kushoto, ikaukata bila kupunguza kasi, ikatoka. Mara sita. Iliniacha nyuma kwa urefu wa boti nne. Ilipotolewa majini watu waliinama kuitazama, na usukani ulikuwa katikati, umekaa kana kwamba haujawahi kukaa kwingine. Pezi la zamani lilikuwa limeondolewa na tundu lake kuzibwa, likapigwa msasa na rangi mpaka kidole hakioni. Siku mbili tu. Oliver aliuliza ni fundi gani amemsaidia. Scovia alisema aliona maelezo ya Levis kwenye daftari, akamwita mtu.

Mimi nilijua kwamba hakuna daftari na hakuna mtu.

Miaka mitano nyuma nilikwenda Karungu mchana, bila kumwambia Levis, kuchukua boti aliyoahidi kunijengea. Nilimkuta amekaa kwenye kiti anashika mkia wa bodi ya boti ili isiteleze. Aliyekuwa akiijenga ni Scovia, kanga kiunoni, vumbi la msasa mpaka kwenye kope. Baba yake alijenga boti za kuvulia maisha yake yote, na kazi aliirithi yeye, si kaka zake. Boti zote zilizoleta sifa kwa Levis zilitoka kwenye mikono ile. Mumewe aliunganisha nyaya na kuendesha. Levis alinivuta nje akaniomba nisimwaibishe, kwa kuwa alikuwa amewaambia watu kwamba ni kazi yake na sasa hakujua pa kurudia. Nikamwambia asijali. Nami nikaenda Homa Bay na boti ileile nikasema nimeijenga mwenyewe, na Levis akapiga makofi pamoja na wengine.

Kwa hiyo nilijua ni wapi pa kumshika mjane wake.

Mwezi wa tisa tulikutana kwenye stoo ya Ahmednur, katikati ya mabati na matangi ya maji. Nilisoma pendekezo jipya: anayeendesha boti awe ameijenga kwa mikono yake, na kila mwanachama atie sahihi kwamba ameijenga yeye. Liliwapendeza. Wengi wao walijenga boti zao kweli, na ukizitazama huna haja ya sahihi. Mikono ilinyooshwa, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa wa Ahmednur, aliyesema sheria hii ina harufu.

Karatasi ikazunguka. Nilitia sahihi yangu, nikaipitisha. Ilipomfikia Scovia, hakuigusa. Boti ilikuwa mezani mbele yake.

Oliver akamuuliza taratibu, akimwita mama wa Joyline kwa Kijaluo, kwa sababu hata yeye alianza kuona aibu, "Min Joyline, tuambie tu. Hii boti ilijengwa na nani?"

Nyuma ya Oliver, ukutani, tulikuwa tumetundika picha ya Levis, na chini yake kibao cha shaba kilichoandikwa Fundi Bora. Kibao hicho tulikizindua siku ya mazishi, mbele ya mama yake. Scovia alikitazama. Kisha akanitazama mimi, na alijua ninajua. Angesema aliijenga yeye, angekuwa amemvua mumewe nguo mbele ya wenzake kabla kaburi halijaota nyasi. Angesema ni Levis, hangeruhusiwa kuiendesha tena, na kwa kifungu cha kumi na moja boti inaondoka. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumtoa katika shida hiyo bila yeye kusema neno, na mtu huyo alikuwa anaandika muhtasari.

"Shem," akaniambia, "wewe ulikuwa rafiki yake. Si useme wewe?"

Nikainua uso nikasema kwamba swali ameulizwa yeye.

Tulisikia mtu nje akikata bati.

"Ni Levis alijenga," akasema.

Akaisukuma boti katikati ya meza, akafuta alama ya kidole chake kwenye rangi kwa ncha ya leso, akatoka. Ningeweza kunyamaza hapo, lakini sikunyamaza. Nilimwita arudi mlangoni, nikatoa hotuba kuhusu Levis, jinsi alivyokuwa fundi ambaye mikono yake haitaonekana tena, na nikamshukuru mama kwa kutunza kazi ya mumewe. Alisikiliza yote akiwa amesimama, akasema ahsante. Hata sasa najichukia kwa hotuba ile kuliko kwa sheria yenyewe.

Nyar Karungu ikawekwa kwenye rafu ya juu stooni. Hakuna aliyeweza kuiendesha, maana hakuna aliyeijenga, hata mimi. Hilo sikulifikiria nilipokuwa naandika, nikiwa na haraka ya kumnyang'anya mtu. Ikakaa pale ikishika vumbi la saruji.

Mashindano yaliyofuata nilishinda. Yaliyofuata hayo nilikuwa naongoza tena, nikaingia kona yangu ya kushoto kwa pupa, boti ikaruka ikagonga mtungi wa tatu. Ilitoka na ufa mrefu chini ya tumbo, na mhimili wa propela umepinda. Nilisema nitaitengeneza nyumbani. Ahmednur akasema kwa upole kwamba kwa kuwa sheria ni ya mafundi, ingefaa ukarabati ufanyike palepale gatini, Jumamosi ijayo, sote tujifunze kwa katibu. Oliver aliona ni wazo zuri la kielimu. Wakakubali wote, nami nikanyoosha mkono, kwa sababu kutonyoosha kungekuwa kukiri.

Alhamisi nikashika njia ya Karungu, boti ikiwa ndani ya gunia. Nilifikiria kumwomba aitengeneze mapema, halafu Jumamosi nijifanye napaka gundi juu ya kazi iliyokwisha.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akipiga msasa mbao ndefu zilizoegeshwa kwenye magogo, boti ya kuvulia ya mtu. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Nilifungua gunia. Aliipokea boti, akapitisha kidole gumba juu ya ufa, akaipindua, akaisogeza sikioni na kuzungusha propela.

"Ufa si shida," akasema. "Bomba la mhimili ndilo limetoka kwa kiti chake. Ukifunga ufa kabla hujanyoosha bomba, itapasuka tena hapohapo. Ni kazi ya saa moja."

Nikamwahidi mambo mengi. Nikamwambia nitafuta kifungu cha kumi na moja, nitamrudishia Nyar Karungu, nitamfanya mwanachama kamili.

"Utawaambia ni nani aliijenga?"

Nikasema jambo hilo lina ugumu wake. Nikasema kuna heshima ya Levis ya kufikiriwa.

Akaiweka boti yangu ndani ya gunia, akalifunga mdomo kwa kamba, vizuri, kama mtu anayemfungia mgeni zawadi ya njiani.

"Mimi ni bibi ya fundi tu, shem. Fundi alikufa. Si wewe ndio uliandika?"

Hakusema kwa hasira. Alirudi kwenye mbao zake, na nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa.

Jumamosi wote walikuja, hata wale wasiofika mkutanoni. Oliver aliniletea meza na kiti, nikakaa mwanzoni mwa gati na ziwa nyuma yangu. Wachuuzi wa samaki nao walisogea. Ahmednur alikuwa ameleta kutoka dukani mkebe wa gundi, chupa ya dawa ya kuigandisha, msasa na kipande cha kitambaa cha nyuzi za kioo. Alivipanga mbele yangu kimoja kimoja, akaniuliza kwa adabu mwalimu anaanza na kipi, na kati ya gundi na dawa kinachoingia kwa kingine ni kipi na kwa kiasi gani.

Nilivitazama. Nikachukua mkebe, kwa sababu tu ndio uliokuwa karibu.