Malka ya Droo ya Pili

Jumatatu saa tatu asubuhi, Josephine Kadii, naibu wa chifu wa kata ndogo moja nje kidogo ya Garsen, alikuwa akisugua muhuri kwa mswaki mkuukuu wakati ng'ombe wa kwanza alipoingia ofisini. Alikuwa ng'ombe mwekundu wa Batula, mjane wa Kiorma aliyekuwa rafiki yake kwa miaka tisa. Ng'ombe aliwapita watu wawili waliofuata barua za vitambulisho, akazunguka meza, akaikwaruza droo ya pili kwa pembe mpaka ikafunguka. Kisha akainamisha kichwa, akanywa.

Ndani ya droo kulikuwa na Mto Tana. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kambale mmoja alipita akielekea baharini. Juu yake ilielea nakala ya barua, kavu kabisa.

Barua hiyo Kadii aliiandika Ijumaa. Kalama, kaka yake, alitaka kuzungusha seng'enge shamba lake lote hadi ukingoni mwa mto, na katikati ya shamba ilipita malka, njia ya mifugo kwenda kunywa, iliyokuwepo kabla babu zao hawajafika kutoka kusini. Barua ilisema: "Hapa hapajawahi kuwa na malka."

Kadii aliijua njia ile. Utotoni aliokota samadi humo. Lakini kama dada, hakuweza kumkatalia kaka aliyemlea. Kama naibu wa chifu, kazi yake ilikuwa kuthibitisha, na kupima ni kazi ya watu wa ardhi. Watu wa ardhi walisema wao hupima kilichothibitishwa. Kama katibu wa kamati ya amani, alipaswa kuwauliza wafugaji, ila kamati haikuwa imeitwa, na wa kuiita alikuwa yeye. Basi barua ilipigwa muhuri na watu watatu, wote Kadii, na hakuna kati yao aliyeona kuwa ameipiga yeye.

Batula aliingia nyuma ya ng'ombe wake, kibuyu mkononi.

"Nikuite Kadii au nikuite Chifu?"

"Nimevaa sare, Batula."

"Haya, Chifu. Ng'ombe amekunywa vizuri. Kule kwa kaka yako seng'enge imemchana kifua."

"Pole. Nitalifuatilia."

"Wewe fuatilia, mimi nifuate ng'ombe. Tutaona nani atafika."

Akaweka kibuyu mezani. Ni desturi ya huko: mwenye mifugo humpelekea maziwa jirani wa malka, kwa kumwachia njia.

"Mpelekee Kalama," Kadii alisema.

"Kalama ana malka? Si wewe umeandika hana? Malka ni hii. Jirani wake ni wewe."

Kufikia Alhamisi mifugo ilipanga foleni hadi barabara ya lami. Waliokuja kutafuta barua walijifunza kusimama upande wa dirisha. Waraka ukaletwa kutoka juu: mifugo inywe kati ya saa nne na saa sita, ili huduma kwa wananchi zisivurugike. Kadii aliubandika mlangoni. Waraka haukutaja seng'enge.

Kalama alikuja siku moja, akaziba pua.

"Dada, ofisi yako inanuka zizi."

"Kaka, tufungue njia. Hata hatua kumi tu."

"Unaniambia kama dada ama kama chifu? Kama ni dada, kwetu dada hamwamrishi kaka. Kama ni chifu, kasome barua yako."

Alasiri hiyo Kadii alivua kofia ya kazi akaandika barua nyingine: malka ipo, nilidanganya. Alipofika mahali pa cheo, kalamu ilisimama. Hakujua ni nani kati ya wale watatu aandike jina lake. Akaiweka barua droo ya kwanza, bila muhuri. Droo ya kwanza haikuwa na maji.

Droo ya pili nayo ilitosha mdomo mmoja tu. Kiangazi kilikaza, foleni ikarefuka, na ng'ombe waliochoka wakaanza kulala chini kabla zamu yao haijafika. Wiki ya tatu, ng'ombe mwekundu wa Batula alilala kwenye kizingiti cha ofisi, pua ikielekea mezani, hatua nne kutoka majini. Hakuinuka.

Batula aliomba kibali cha kuondoa mzoga. Kadii alitoa fomu. Kulikuwa na mstari wa sababu ya kifo.

"Andika unachojua," Batula alisema. "Leo siulizi nikuite nani."

Kadii alitazama droo ya kwanza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaandika: kiangazi. Akapiga muhuri. Wino ulikuwa mzuri siku hiyo.

Batula alikunja kibali akakitia kwenye pindo la shuka, kisha akaweka kibuyu mezani, kidogo kuliko vya nyuma.

"Ni ya mwisho ya yule mwekundu. Nilimkama alfajiri."

"Si lazima, Batula."

"Desturi ni desturi. Kunywa, Chifu."

Kadii alikunywa yote, amesimama, mbele ya watu. Maziwa yalikuwa bado na joto. Akafuta midomo kwa mkono wa sare, akavuta droo ya pili mpaka mwisho, akamwita ng'ombe aliyefuata.