Miguu Kwanza

Kariakoo yote ukipiga hodi utajibiwa karibu. Hata kama mwenye nyumba hana sukari, hata kama juzi tu mligombana bombani, atasema karibu kwanza, halafu ndiyo aanze kufikiri atakufanya nini. Nyumba moja tu, Mtaa wa Mahiwa, ndiyo haikuwa na karibu. Ukisema hodi, sauti ya Bi Mwanamkuu ilikujia kutoka uani: "Miguu kwanza."

Pale kizingitini palikuwa na karai la maji, kipande cha sabuni ya mche na kopo la majivu. Unavua viatu, unanawa mpaka juu ya vifundo, ndipo unaketi barazani kumngoja. Kuingia uani, sahau. Watoto wa mtaa walimwita Bi Miguu Kwanza, na yeye alijua. Alisema hilo jina halimwumi. Alisema mengi, yule bibi.

Uani ndiko ilikokuwa mali yake. Madebe sitini ya mafuta ya taa, yamekalishwa juu ya matofali yasiguse ardhi, na kila debe lina mtambuu wake unapanda kijiti. Hakuuza majani, wauza tambuu walikuwa tele sokoni, na kelele zao. Yeye aliuza mbegu, yaani vipande vya mti wenyewe, pingili tatu tatu, vya kwenda kupandwa shambani. Mumewe, marehemu Ramadhan, alikuwa kibarua miaka mingi katika bustani ya serikali, akarudi nyumbani na elimu yake: udongo ukaangwe pipani kabla haujatiwa debeni, kisu kipitishwe motoni kila unapotoka mti huu kwenda ule, na mguu uliokanyaga shamba la watu usikanyage uani. Maana ule ugonjwa wa mitambuu, unaoanza kwa shina kuwa jeusi pale linapozama udongoni, unasafiri kwa tope na maji. Ukishauona kwenye majani, umechelewa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita. Kariakoo chumba hakikai kitupu hata wiki, lakini vyumba vitano vya Bi Mwanamkuu vilikaa vitupu, kwa sababu mpangaji anataka uani: apike, afue, aanike. Jirani yake Mboni, akija asubuhi kuomba kaa la moto, alisimama mlangoni akanyoosha kigae, akatiliwa, akaenda zake. Watu walicheka. Wacheke! Lakini ikifika magharibi, nyumba zote zikivuma kwa watoto na masufuria, mwanamke yule alikuwa akizungumza na madebe, tena akiyauliza hali.

Mpangaji aliwahi kuwa naye mmoja. Alikuwa mwanamke wa Songea, jina lake Celina, muuza vitumbua, aliyeingia na furushi moja akakaa miaka saba. Huyo alizishika sheria za uani kuliko hata mwenye uani. Alikaanga udongo, alibeba maji, alichoma kisu mpaka mpini ukapata moto. Bi Mwanamkuu hakujaaliwa mtoto, na Celina alimwita Mama, na ingawa Bi Mwanamkuu hakuitikia kwa maneno matamu, moyoni alikuwa ameshamhesabu mwanawe. Akampa kipande kimoja cha mtambuu kiwe chake mwenyewe, Celina akakipanda kwenye kopo la maziwa.

Mwaka wa hamsini na tatu akafa kaka yake Celina, Filbert, aliyekuwa kibarua katika shamba la tambuu Kigamboni. Celina alikwenda kuzika. Alirudi mchana, amevuka kivuko cha Magogoni peke yake, tope la kule limemganda mpaka magotini na khanga imelowa machozi. Hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja kumwendea mtu mmoja tu aliyekuwa naye katika mji huu. Na mtu huyo akaruka, akasimama katika mlango wa uani, ameshika miimo kwa mikono miwili.

"Miguu kwanza, Celina."

Celina alimtazama. Hakunawa. Aligeuka akaingia chumbani kwake, na kesho yake akahama, kitanda kichwani mwa mchukuzi, kopo la maziwa mkononi mwake. Bi Mwanamkuu alisimama barazani akamwangalia mpaka akakata kona, na neno la pole limemkwama kooni. Likakwama hapo miaka mitatu. Alijiambia kwamba alikuwa na haki, na kweli alikuwa nayo. Shamba alilofanyia kazi Filbert lilikuwa limeoza lote. Ila haki haikuletei chai asubuhi. Habari za Celina alizisikia kwa watu tu, kwamba amepanga Ilala na mtambuu wake umeshika.

Sasa tuje mwaka wa hamsini na sita. Ugonjwa ulikuwa umeimaliza Kigamboni. Mwaka uliotangulia wakulima saba, na mkubwa wao Mzee Nassibu, walikuwa wamemjia Bi Mwanamkuu wanauliza wafanye nini, naye akawaambia bila kupepesa: chomeni yote, ardhi ipumzike misimu miwili, na masika ya mwakani nitawapa mbegu safi, vipande mia mbili. Watu wale walikuwa na watoto wa kulisha. Wakachoma kwa neno lake.

Mzee Nassibu akawa anakuja kila baada ya wiki mbili kuulizia mbegu. Mjane naye, mwingi wa maneno. Alinawa miguu bila kununa, akaketi barazani, akaeleza habari za Kigamboni nzima. Bi Mwanamkuu alijikuta anazihesabu siku. Alijikuta, Mungu amsamehe, anajipaka wanja.

Siku moja Nassibu alikuja na kifurushi cha jani la mgomba. "Nimepita kwa shemeji yangu kule Mbwamaji," akasema, "nikachuma tambuu kidogo. Wewe unapanda tu, sijakuona ukitafuna."

"Nitatafuna na nani?" Bi Mwanamkuu akamjibu.

Akaingia ndani na majani yale, akayaosha kwenye bakuli, akatoka na sinia ya popoo, chokaa na tumbaku. Walitafuna, wakatema, wakacheka mpaka adhana ya alasiri. Ilikuwa miaka mitatu hajacheka na mtu. Nassibu alipoondoka, Bi Mwanamkuu alirudi ndani anaimba imba, akaliona bakuli la maji. Na maji ya Kariakoo hayamwagwi hivi hivi. Yanapangiwa foleni bombani, yanabebwa kwa debe, na mwanamke aliyelelewa vizuri akishaosha mchele au mboga, maji yale huyamimina kwenye shina la mti. Mkono ulifanya wenyewe. Ukamimina kwenye madebe matatu ya karibu na jiko.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wasemavyo.

Siku ya kumi na mbili aliona jani moja limelegea. Akachimbua udongo kwa kidole, akakuta shina jeusi, akanusa kidole, na hapo hapo akalikumbuka bakuli. Alikaa chini kwenye matofali. Maji yakimwagika hayazoleki, hata uwe na sheria elfu. Akalitoa debe lile na wenzake wawili, akachoma mitambuu yake, akaomba Mungu yawe yameishia hapo. Lakini mvua ya kwanza ilinyesha usiku ule, maji yakatambaa chini ya matofali, na baada ya wiki mbili mitambuu minne ya safu ya mbali, ya ukutani kabisa, ililegea.

Iliyobaki ilikuwa hamsini na mitatu, mizima kwa kuitazama. Majani yake yanang'aa. Angeweza kuikata siku ile ile, apate vipande mia mbili na zaidi, awape watu, na ugonjwa ungetokea kule kule Kigamboni baada ya mwezi, na nani angemjua? Alilifikiri jambo hilo. Nisikudanganye kwamba hakulifikiri. Alilifikiri tangu kifungua kinywa mpaka adhuhuri, kisu kiko mapajani. Kisha akaenda dukani kununua chupa mbili za mafuta ya taa.

Moshi wake uliwatoa watu majumbani. Mboni alikuja mbio mpaka mlangoni akadhani nyumba inaungua. Alipoona ni mitambuu, akashika kiuno. Bi Mwanamkuu alichoma yote, hata ule mkongwe wa Ramadhan, uliozaa mingine yote. Huo aliuchoma wa mwisho, na akaulilia wazi wazi.

Mzee Nassibu alifika kesho yake na makapu, na wenzake wawili, kuchukua mbegu. Bi Mwanamkuu aliwatokea mlangoni akawaambia kwamba ugonjwa umeingia uani kwake, mitambuu ameichoma, na mbegu hakuna tena.

"Umechoma yote?" Nassibu akauliza. "Hata mizima?"

"Hapakuwa na mizima. Palikuwa na iliyokuwa bado haijaonyesha."

"Bi Mwanamkuu, sisi tumechoma mashamba kwa ajili yako. Ungetuachia hata kumi tujaribu bahati." Akayatua makapu. "Na umeingiaje huo ugonjwa, kwa nyumba hii isiyoingia mtu?"

Alimtazama machoni. Angeweza kusema. Neno moja tu, Mbwamaji, lingemtua mzigo wote na kumtwika yule mwanamume. "Ni uzembe wangu," akasema. "Nilimwaga maji machafu."

Nassibu alitikisa kichwa, akainua makapu. Ndipo Bi Mwanamkuu akasema nyuma yake, polepole, "Ipo sehemu moja. Nipe mpaka kesho."

Akaenda Ilala kwa miguu, njia nzima anapanga maneno na kuyapangua. Nyumba aliijua hata kabla ya kuuliza mtu. Kizingitini palikuwa na karai la maji, sabuni na kopo la majivu. Na kwenye upenu, juu ya matofali, madebe. Aliyahesabu, ishirini na sita, mitambuu imestawi mpaka inagusa bati. Akayahesabu tena, kwa fahari, na kwa kitu kingine.

"Hodi."

"Karibu," sauti ya Celina ikajibu kutoka ndani. Akatokea anafuta mikono, akamwona, akasimama. Alikuwa amenenepa kidogo. "Shikamoo," akasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba."

Celina aliangalia miguu yake, kisha pindo la khanga lenye masizi. "Nimesikia umechoma. Unatoka kwenye ugonjwa?"

"Natoka kwenye ugonjwa."

"Basi miguu kwanza, Bi Mwanamkuu." Zamani alimwita Mama.

Alinawa. Alinawa kwa sabuni, akarudia kwa majivu, polepole, ameinama, na Celina amesimama juu yake. Alipomaliza akainua uso.

"Hata ukinawa, ndani huingii," Celina akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. "Mpaka siku arobaini zipite. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ndivyo. Umeshika vizuri." Akasimama wima. "Wako watu saba Kigamboni. Niliwaahidi vipande mia mbili."

"Waje kwangu, nitawakatia mwenyewe. Mbegu usizishike wewe."

"Watakuja kesho."

Basi, kazi ikawa imekwisha. Angeweza kuondoka. Alisimama pale, miguu inachuruzika maji, mpaka Celina akauliza kama kuna lingine.

"Pole," Bi Mwanamkuu akasema. "Pole kwa msiba wa Filbert."

Celina aliinama. Kisha akachukua lile karai, akalimwaga mtaroni, mbali na madebe yake.

"Ahsante," akasema. "Nimeshapoa."

Kigamboni walipata mbegu yao, na masika yale walipanda. Mzee Nassibu akawa anapitia Ilala, kwa sababu mbegu iko huko. Bi Mwanamkuu alikaa zake Mtaa wa Mahiwa, uani kweupe, kumebaki matofali na alama za moto. Alilitoa karai kizingitini. Akatangaza vyumba vitano, na watu wakaja mmoja mmoja kutazama mlango, wakasema watarudi.

Asubuhi moja Mboni alikuja na kigae chake. "Hodi."

"Karibu," Bi Mwanamkuu akajibu, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida, halijazoea njia. "Pita ndani, Mboni. Pita tu. Hakuna kitu tena."

Mboni alichungulia uani. Alikuwa ameshavua viatu. Akasimama pale pale mlangoni, akanyoosha kigae.

"Hapa panatosha, Bi Mwanamkuu," akasema. "Sisi tumeshazoea."

Bi Mwanamkuu akaenda jikoni, akachagua kaa kubwa, akamletea.