Neno la Jumatano

Watu mia mbili na kumi walimwita Bi Neno, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali. Kila asubuhi saa kumi na mbili simu zao zililia: neno fupi la kumtia moyo anayesoma na anayeandika. Hawakujua kwamba maneno yote saba aliyapika Jumapili mchana, miguu juu ya kochi, kisha akaiachia simu iyatume yenyewe siku baada ya siku. Yeye mwenyewe alikuwa hajaandika ukurasa wa maana kwa miaka tisa. Kinyozi hajinyoi.

Jumatano hiyo, baada ya kazi, alipitia kwa wifi yake, mjane wa kaka yake, fundi cherehani. Alimkuta akipiga pasi kola za sare za shule. Chumba kilinuka mkaa na kitambaa kilicholowa.

"Wifi, leo umenisema mimi," fundi alisema bila kuinua uso.

"Nimekusema nini tena?"

"Neno lako la asubuhi."

Bi Neno akacheka, akatoa simu, maana hata hakukumbuka ilituma nini. Akasoma: "Mwandishi, ukisifiwa bila kuulizwa hata swali moja, kazi yako haijamwingia mtu moyoni. Ichome, uanze upya." Jumapili aliliona neno lenye chumvi kweli. Sasa alilisoma tena.

Mwezi uliopita wifi yake alimletea madaftari matatu. Aliyaandika kwa mkono tangu msiba: mumewe alivyocheka, alivyougua, maneno yake ya mwisho wodini. Nakala nyingine haikuwepo. Bi Neno aliyaweka juu ya kabati, kesho nitasoma, kesho kutwa, hadi akaona haya, akayarudisha na kusema, "Nzuri sana wifi, endelea hivyohivyo." Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi, alilipwa kusahihisha nukta za watu baki. Habari za ndugu yake wa tumbo moja hakuzifungulia hata jalada.

"Madaftari yako wapi?"

Fundi alionyesha pasi ya mkaa kwa kidevu. "Yalikuwa makavu. Mkaa umeshika upesi."

Bi Neno alikaa juu ya lundo la sare bila kuomba radhi. Angeweza kunyamaza. Uongo wake ulishakuwa majivu, na hakuna ambaye angeufukua. Lakini alimwona wifi yake, mwanamke wa kugombana na wateja hadi barabarani, anavyoikandamiza kola ileile kwa mara ya tatu, akashindwa.

"Sikusoma, wifi. Hata ukurasa mmoja."

Pasi ilisimama. Kitambaa kikaanza kunuka.

"Kumbe," fundi alisema polepole, "huenda ilikuwa nzuri."

Hilo lilimuuma Bi Neno kuliko tusi. Alipapasa mkoba, akapata kalamu, akavuta kipande cha karatasi ya kukatia mashati.

"Tuanze tena. Wewe sema, mimi nitaandika. Siku ile wodini, kaka alisema nini?"

Lilikuwa swali lake la kwanza. Fundi aliinua pasi. Akaitazama alama ya kahawia iliyobaki kwenye kola.

"Niliyaandika ili niyatue kichwani, wifi," alisema. "Sasa siyakumbuki vizuri. Yalikuwa kwenye daftari la tatu."