Mstari Chini ya Karatasi

Tangu asubuhi Achola alikuwa akikwangua karatasi ya ukutani kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa Oluoch, mwenye nyumba, peke yake. Karatasi hiyo aliibandika yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita. Wakati ule Oluoch alimwambia kuta zina mabonde, zifunikwe tu. Achola aliuona mstari wa matope ulioachwa na mafuriko, akafyata mdomo, akapaka gundi.

Adongo, mpangaji aliyeingia baada ya kazi hiyo, alizikagua kuta safi akaridhika. Mvua ya mwezi wa tano mwaka huu ilipokuja, alishinda siku nzima juu ya meza na watoto wake wawili, maji yakizungusha sufuria chini yao. Watu wa Ahero walisema ni mapenzi ya Mungu. Achola alisema hivyo pia, na sasa akikumbuka anajiona mshenzi.

Karatasi ilikuwa imevimba na kunuka. Aliitoa yote, akaanza kuosha gundi kwa maji moto na sabuni. Mstari ukajitokeza tena, wa kahawia, usawa wa kifua chake.

Oluoch akaingia, simu mkononi.

"Fundi, bado unaosha? Weka fila, piga msasa kidogo, upake rangi. Kuna watu wanakuja kuona nyumba."

"Gundi isipotoka, fila itabanduka, Mzee. Na hii ukuta bado iko na maji ndani."

"Ibanduke wakishaingia. Hawa ni watu wa Nyeri, hawajui huku. Anza na hiyo laini."

Achola alichota fila, rojo nyeupe ya kusawazisha kuta, akaanza na mstari, kama alivyoambiwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, fila ikalala vizuri, na alichukia jinsi ilivyolala vizuri. Angekuwa fundi mbovu, labda Adongo asingedanganyika. Alikuwa ameufunika mstari wote gari liliposimama nje.

Alikuja Wanjohi, mfanyabiashara mwenye haraka, na mkewe Shiro, amefunga mtoto mchanga kifuani kwa kanga. Wanjohi alipapasa ukuta, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ni ukuta tu ilikuwa na mabonde," Oluoch akasema. "Fundi anasawazisha."

Shiro akatabasamu. "Itakuwa safi. Kitanda ya mtoto itakaa hapa."

Achola akachovya sponji kwenye ndoo, akafuta fila yote aliyoiweka, kwa mkupuo mmoja kutoka kona hadi mlangoni. Mstari ukarudi wote.

"Simama hapa, mama. Karibu na ukuta."

Shiro alimtazama mumewe, kisha akasogea. Mstari ulipita palepale kilipolala kichwa cha mtoto.

"Maji ilifika hapo," Achola akasema. "Hata mwaka huu ilifika."

"Wewe hutapata tena kazi hapa Ahero," Oluoch akasema kwa sauti ya chini.

Shiro alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Akatazama vipande vya karatasi vilivyorundikana sakafuni, maua yake yakiwa bado mazuri.

"Na nani alifunika hii kitu?"

Sponji ilikuwa ikidondosha maji miguuni pa Achola.

"Ni mimi," akasema.